Kwa nini mafundi wa Liangzhu walichonga mafuvu ya watu, kisha wakayatupa mferejini?

#1 Mchimbachini
Habari wakuu. Naleta jambo linaloninyima usingizi, nataka tulichambue kwa ushahidi.

Liangzhu ni mji wa kale karibu na Hangzhou, mkoa wa Zhejiang. Ulistawi kati ya mwaka 3300 KK na 2300 KK. Kuta zake zilizunguka eneo la hekta 300 hivi, ulikuwa na mabwawa ya kuzuia mafuriko, mashamba ya mpunga, na mafundi wa jedi (jiwe gumu la thamani, aghalabu la kijani) ambao kazi yao hadi leo inashangaza. UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019.

Sasa ndani ya mifereji ya mji huo wachimbaji walikuta mifupa ya watu ikiwa imechanganyika na taka. Utafiti uliotoka 2025 kwenye jarida la Scientific Reports ulichunguza vipande 183, na 52 kati yake vina alama za kazi ya fundi. Kuna mafuvu yaliyokatwa juu yakawa bakuli, mengine yamekatwa kwa urefu ukabaki uso mtupu kama barakoa, mengine yametobolewa, mataya yamesuguliwa chini, mifupa ya miguu na mikono imelainishwa ncha. Umri wake ni miaka 4,800 hadi 4,600 hivi. Na kinachoniumiza kichwa zaidi: takriban asilimia 80 ya vitu hivyo havikumalizwa. Hakuna dalili kwamba watu hao waliuawa kwa kipigo wala kwamba maiti zilikatwakatwa. Inaonekana mwili ulioza kwanza, ndipo mfupa ukachukuliwa.

Dai langu: sababu ni mji wenyewe. Kijijini kila marehemu ana wenyewe. Watu wakijaa mahali pamoja bila kufahamiana, wanatokea marehemu wasio na wa kuwalilia, na mfupa wa mtu usiyemjua unageuka malighafi. Watafiti nao wanaelekea huko. Mnasemaje?

#2 Msomaji_Kimya
Natia nanga hapa. Huu uzi usiishie ukurasa wa kwanza.

#3 DaktariNgombe
Mkuu #1, kabla hatujafika kwenye falsafa ya mji, tuangalie zizi. Ng'ombe wa kufugwa waliingia China wakitokea magharibi, na kaskazini ndiko walikoanzia kuonekana, kwenye milenia ya tatu KK kuelekea mwisho wake. Watu wa Liangzhu walikuwa na nguruwe na waliwinda paa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema walikosa mifupa mikubwa na minene.

Lakini hoja hiyo inakwama. Mfupa wa mguu wa paa ni mzuri sana kwa ufundi, umenyooka na ni mgumu, na mafundi wa China walikuwa wanautumia maelfu ya miaka kabla ya hapo kutengeneza sindano na misharasi. Aliyeshika paja la mtu mkononi hakulishika kwa uhaba. Alilichagua, au hakuona tofauti, na hizo ni habari mbili mbali kabisa.

#4 Bi_Shanga
Asante kwa uzi. Sikubaliani na #1 kwenye neno "malighafi". Bakuli za fuvu zimepatikana pia ndani ya makaburi ya watu wa hadhi wa Liangzhu. Hakuna anayemzika mkubwa wake na kitu cha kuokota jalalani. Chombo hicho kilikuwa na heshima au nguvu fulani.

Na China ina historia yake ya kombe la fuvu. Mwaka 453 KK mtawala Zhao Xiangzi alimshinda hasimu wake Zhi Bo, akalipaka fuvu lake laki (vanishi ya utomvu wa mti) na kulifanya chombo. Baadaye mfalme wa Xiongnu alimfanyia hivyo hivyo mfalme wa Yuezhi, wote wakiwa watu wa kuhamahama wa kaskazini. Hapo fuvu ni la adui, na anayelinywea anatangaza ushindi. Mbona tusianzie huko?

#5 Mchimbachini
@Bi_Shanga hoja nzito, ila kati ya Liangzhu na Zhi Bo kuna zaidi ya miaka 2,000 na utamaduni mwingine kabisa. Halafu adui aliyeuawa vitani huacha alama: mbavu zilizochomwa, fuvu lililopasuliwa, shingo iliyokatwa. Hizi hazina. Na mshindi hamtupi adui yake mferejini kabla hajamaliza kumchonga.

#6 FundiMfupa254
Wadau, mimi niko Nairobi na mifupa ya ng'ombe ndiyo inanilipia kodi: shanga, hereni, vifungo, vijiko vya saladi. Wacha niseme kuhusu hiyo asilimia 80.

Kwenye karakana yetu mfupa ukitoka kichinjioni tunauchemsha mpaka mafuta yote yatoke, maana yakibaki kitu chako kitakuwa cha manjano baada ya miezi michache na kitanuka. Halafu tunakata vichwa viwili vya mfupa tunavitupa, kwa sababu ndani yake ni sponji tupu. Tunabaki na bomba la katikati. Hilo unalipasua kwa urefu, unatoa vipande, unachonga, unapiga msasa. Ukipima kwa kilo, takataka ni nyingi kuliko kazi. Mtu akichimba nyuma ya karakana yetu baada ya miaka elfu atasema hawa hawakuwahi kumaliza kitu.

Sasa fuvu ni kazi nyingine. Fuvu ni tabaka mbili nyembamba na katikati kuna vishimo vishimo, na lina mishono. Ukilikata likiwa limekauka sana linafunguka kwenye mshono, lote linakuachia mkononi. Kwa hiyo wakati mwingine kazi haikamiliki kwa sababu imeharibika.

Lakini swali langu kwa waliosoma huo utafiti: hivyo visivyokamilika vimevunjika pale fundi alipokuwa anakata, au ni vizima tu vimeachwa? Kwa sababu kilichovunjika ni hasara. Kizima kilichoachwa ni uamuzi.

#7 Kaka_Lushoto
#6 umeshusha nondo. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamsubiri, wengine wote tunanukuu tu.

#8 Mchimbachini
@FundiMfupa254 swali safi sana. Vingi vimeelezwa kuwa vimeachwa katikati ya kazi, na hiyo ndiyo ilinifanya niseme havikuwa na thamani kubwa. Mtu mwenye kitu adimu hukimaliza.

#9 Mwana_wa_Kilwa
Mnajadili vipande 52 huku mmepita viwanda vyenyewe. Twendeni Anyang, mkoa wa Henan, mji mkuu wa mwisho wa nasaba ya kifalme ya Shang, kuanzia 1250 KK hivi hadi 1046 KK. Huko kazi ya mfupa haikuwa ya mafundi wawili pembeni ya mfereji.

Kuna karakana za Dasikong na Beixinzhuang, zilizochimbwa tangu miaka ya mwisho ya 1950 na 1960, na kuna Tiesanlu iliyochimbwa kuanzia 2002. Tiesanlu peke yake imetoa zaidi ya tani 30 za mifupa. Tani, wakuu! Sehemu kubwa ni ya ng'ombe, na sehemu kubwa ya ng'ombe hao ni miguu ya chini.

Hatua zenyewe zinasomeka kwenye taka. Kwanza vichwa vya mfupa vimekatwa kwa msumeno wa bronzi, na unaona mistari ya meno ya msumeno sambamba kabisa, kisha ukingo mdogo uliobaki pale fundi alipoacha kukata akavunja kwa mkono. Halafu bomba limepasuliwa kwa urefu kuwa vijiti. Vijiti vinachongwa, vinasuguliwa kwenye kinoo cha mawe, vinang'arishwa. Karibu vyote vinaelekea kwenye kitu kimoja: kipini cha nywele. Misharasi na vigumba vya mishale vipo, ila kipini ndicho mfalme. Ni hatua zile zile alizoandika #6, ila hapa ni miaka 3,200 iliyopita na msumeno hauna umeme.

#10 DaktariNgombe
Niongeze kwa nini miguu ya chini. Huo mfupa uliopo kati ya goti na kwato hauna nyama ya maana, una kano na ngozi tu. Mchinjaji hapotezi kitu akimpa fundi. Umenyooka, ukuta wake ni mnene kuzunguka pande zote, na sehemu ya mbele ni bapa, ndiyo maana unatoa vijiti virefu bila kona. Ukimpa fundi mbavu au nyonga atakurudishia.

#11 Kipepeo77
Yaani makongoro! Wachina wa Shang walichukua kongoro wakatengeneza vibanio vya nywele, sisi tukaweka ndimu na pilipili 😂

#12 DaktariNgombe
@Kipepeo77 mfupa ndio huo huo. Ila kumbuka supu na kipini havigombani: unachemsha, unakunywa, kisha unachonga. Ingekuwa ajabu watu wa Anyang wamwage ule mchuzi.

#13 Bi_Shanga
Nirudi kwa #9. Swali kubwa la Tiesanlu ni hili: nani alikuwa mteja? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa fupi: mfalme. Mafundi wa Shang walichukuliwa kuwa watu wa ikulu, wanatengeneza kinachoagizwa. Na ushahidi upo. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lilichimbwa na Zheng Zhenxiang mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi. Vitu vya bronzi 468, jedi 755, vitu vya mfupa 564, na katika hivyo vipini vya nywele karibu 500! Vipini vingine vimechongwa kichwa cha ndege, vingine vina umbo la mraba lenye ngazi ngazi. Mwanamke mmoja hawezi kuchomeka vipini 500 kichwani. Hiyo ni hazina.

#14 Mwana_wa_Kilwa
@Bi_Shanga ndipo tunapoachana. Roderick Campbell, Li Zhipeng na wenzao waliandika kwenye jarida la Antiquity mwaka 2011 kuhusu Tiesanlu, na hesabu yao inaelekea upande mwingine. Tani zile zote zingetoa vipini vingi kuliko kichwa chochote cha ikulu kingehitaji, hata ukijumlisha wake, mabinti na watumishi. Na vipini vile vya kawaida vinapatikana kwenye makaburi ya watu wa kawaida na kwenye majalala ya nyumba za mtaani. Kwa hiyo kulikuwa na mtu anatengeneza, mtu mwingine asiyemjua anapata. Iwe kwa kubadilishana sokoni au kwa njia nyingine, lakini si agizo la mfalme peke yake.

Mimi naona hili ni kubwa kuliko habari ya mafuvu. Tumezoeshwa kuona dola za kale kama mfalme juu na watumwa chini. Hapa kuna mji mzima unafunga nywele zake kwa bidhaa ya karakana.

#15 Bi_Shanga
Ng'ombe walitoka wapi basi? Ng'ombe wengi kiasi hicho hawaji wenyewe. Maandishi ya mifupa ya uaguzi yanataja matambiko ya ng'ombe kwa mamia. Ng'ombe waliingia Anyang kwa njia ya mfalme: kodi, zawadi, matambiko. Wakachinjwa, nyama ikagawiwa, mifupa ikabaki. Aliyeshika mlango wa ng'ombe ndiye aliyeshika mlango wa mifupa. Hata kama mwisho kipini kilifika mtaani, chanzo chake ni tambiko.

#16 Mwana_wa_Kilwa
Hapo tunaweza kukubaliana nusu. Malighafi ya mfalme, bidhaa ya watu.

#17 Kaka_Lushoto
Mmetaja mifupa ya uaguzi. Hiyo nayo si ufundi wa mfupa? Nilisoma kwamba msomi Wang Yirong aliigundua mwaka 1899 kwenye dawa alizonunua, "mifupa ya joka". Je, ilichongwa kwenye karakana hizo hizo za vipini?

#18 Bi_Shanga
@Kaka_Lushoto hiyo ndiyo simulizi maarufu, na uchimbaji rasmi ulianza 1928 chini ya Academia Sinica (taasisi ya utafiti ya China), Dong Zuobin akitangulia, kisha Li Ji.

Ufundi wake ni tofauti. Walitumia bamba la bega la ng'ombe na gamba la tumbo la kobe. Bega linakatwa ule mgongo wake wa nyuma, kona inaondolewa, linasuguliwa mpaka liwe bapa. Kisha upande wa nyuma vinachimbwa vishimo, kimoja kirefu chenye umbo la mlozi na kingine cha mviringo ubavuni pake, bila kutoboa upande wa pili. Moto ukiwekwa kwenye kishimo, ufa unatokea mbele. Fundi ndiye aliyeamua ufa utakaa wapi kabla mwaguzi hajauliza lolote. Shimo la YH127, lililopatikana 1936, lilitoa vipande zaidi ya 17,000, vingi vya kobe. Kazi ile ilihitaji mikono mingi, na ilikuwa karibu na mfalme kuliko vipini.

#19 Tumaini_B
Samahani, nimechelewa. Mbona hakuna anayesema kwamba Shang nao walichonga mifupa ya watu? Anyang kulijaa kafara za binadamu. Liangzhu si peke yao.

#20 Mwana_wa_Kilwa
@Tumaini_B unachanganya miji miwili. Mifupa ya watu iliyochongwa kwa wingi ni ya Zhengzhou, mji wa Shang wa kabla ya Anyang. Karakana ya Zijingshan, kaskazini mwa ukuta, ilikuwa na mfupa wa mtu na wa mnyama pamoja, na wa mtu haukuwa kidogo. Na ndani ya eneo la majumba ya Zhengzhou kuna mtaro uliokutwa na mafuvu mengi yaliyokatwa kwa msumeno juu ya masikio.

Anyang ni kinyume chake. Kafara ni maelfu, wamezikwa kwenye safu za mashimo karibu na makaburi ya wafalme, lakini karakana zake ni za ng'ombe. Kwa hiyo mahali penye maiti nyingi zaidi ndipo mafundi walipoacha kuzigusa.

#21 Mchimbachini
#20 hii inanigusa. Kama sababu ni wingi wa marehemu wasio na wenyewe, kama nilivyodai, basi Anyang ndiyo ingeongoza. Haikuongoza.

#22 DaktariNgombe
Au Anyang ilikuwa na ng'ombe wa kutosha na Zhengzhou haikuwa nao. Nairudisha hoja ya zizi, kwa Zhengzhou inabeba uzito kuliko Liangzhu.

#23 Bi_Shanga
Au kafara wa Anyang alikuwa mali ya mizimu ya mfalme. Ukishamtoa, hugusi tena. Mfungwa wa Zhengzhou huenda hakutolewa kwa mtu yeyote.

#24 Kipepeo77
Nauliza kitu cha pembeni. Hao Shang walikuwa na pembe za ndovu pia? Zilitoka kwetu Afrika Mashariki?

#25 Mwana_wa_Kilwa
@Kipepeo77 walikuwa nazo, ila si zetu. Fu Hao alizikwa na vikombe vitatu vya pembe ya ndovu, viwili vikiwa jozi iliyopambwa kwa feruzi. Wakati huo Henan ilikuwa na joto kuliko leo na ndovu waliishi huko huko. Anyang yenyewe kumechimbwa mashimo yenye ndovu waliozikwa.

Zetu zilikuja kwenda huko baadaye sana. Msafiri Mwarabu Al-Masudi, katika karne ya 10 BK, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikaenda India na China, ambako wakubwa walitengenezewa machela ya kubebwa. Zaidi ya miaka 2,000 baada ya Fu Hao.

#26 Kipepeo77
Asante mkuu. Nilitamani iwe mapema zaidi, lakini ukweli ni ukweli.

#27 Kaka_Lushoto
Kabla ya Shang kuna Shimao, kule Shaanxi kaskazini, mji wa mawe wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Kwenye jukwaa la Huangchengtai walikuta sindano za mfupa zaidi ya 10,000 kwenye taka zilizomwagwa kutoka juu. Na vinanda vidogo vya mdomoni vya mfupa, vyembamba kama ukucha, vina ulimi katikati unaotetema ukivuta uzi. Huko juu waliishi wakubwa, si mafundi wa pembezoni. Kwa hiyo mfupa haukuwa kazi duni.

Shimao pia wana mafuvu chini ya lango la mashariki, ya wanawake vijana waliotolewa kafara.

#28 Bi_Shanga
@Kaka_Lushoto kuhusu sindano uko sawa. Kuhusu lango, ile ya wanawake ni tathmini ya zamani, ya kuangalia mifupa kwa macho. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2025 kwenye jarida la Nature ulikuta karibu wote waliopimwa pale langoni ni wanaume. Habari ya mabinti wa kafara imesambaa sana na inabidi tuache kuirudia.

#29 FundiMfupa254
Sindano 10,000 mahali pamoja zinaniambia kitu kimoja: kulikuwa na nguo nyingi au ngozi nyingi zinashonwa. Sindano ya mfupa ukiipiga msasa vizuri haikatiki hovyo, ila tundu lake ndilo mtihani. Unatoboa kijiti kikiwa bado kinene, halafu ndio unapunguza pembeni. Ukianza na kijiti chembamba kinapasuka. Wangeangalia taka: vijiti vinene vyenye tundu vikiwepo, basi sindano zilitengenezwa pale pale juu.

#30 Mchimbachini
Turudi Liangzhu kabla wasimamizi hawajauhamisha uzi. Mpaka sasa tuna: watu wasio na wenyewe (mimi), heshima au ushindi (Bi_Shanga), uhaba wa mifupa mikubwa (DaktariNgombe, ambaye mwenyewe aliikata hoja yake), na kazi iliyoharibika (FundiMfupa254). Naongeza la tano: kujifunza. Mifereji ya Zhongjiagang, ndani ya mji huo huo, imetoa taka za mafundi wa kila aina, wa jedi, wa mawe, wa laki. Je, hawa walikuwa wanafunzi waliopewa mfupa usio na gharama wajaribu mkono?

#31 FundiMfupa254
Mwanafunzi humpi fuvu kwanza. Unampa kipande kilichonyooka, akosee hapo. Fuvu ni la mwisho.

#32 Bi_Shanga
Na mwanafunzi asingejaribu maumbo yale yale machache kwa miaka 200. Kuna desturi pale, walijua wanatengeneza nini.

#33 DaktariNgombe
Kipimo kipo. Meno yanahifadhi strontiamu (elementi inayotoka kwenye udongo na maji) ya mahali mtu alipokulia. Wapime meno ya mafuvu yaliyochongwa, na ya watu waliozikwa vizuri makaburini mji huo huo. Wakikuta waliochongwa ni wageni waliokuja kutoka mbali, #1 na #4 wote wanapata nguvu, maana mgeni anaweza kuwa mhamiaji au mateka. Wakikuta ni wenyeji, inabidi tuandike upya kuanzia #1.

#34 Mchimbachini
@DaktariNgombe nikipata matokeo ya aina hiyo nitayaweka hapa. Wakati huo huo, aliye na taarifa za karakana ya mifupa ya Yuntang kule Zhouyuan, ya enzi ya Zhou Magharibi iliyofuata Shang, azilete. Nataka kujua kama baada ya Shang kuanguka mafundi wa mfupa walihamia kwa bwana mpya pamoja na misumeno yao.

#35 Tumaini_B
Niko na ripoti fupi ya Yuntang. Nayo imejaa mifupa ya ng'ombe, vipini vya nywele, alama za msumeno. Natafuta ile sehemu ya vipimo, kesho jioni naiweka.